Kabla Hajaitwa

Mama mkwe wangu aliacha kuniamkia mimi, akawa analiamkia tumbo langu. Asubuhi nimeinama uani na ufagio, yeye anatoka na leso begani, ananipita uso, anasimama mbele ya kitovu changu na kuuliza, "Mzee, umeamkaje? Umelala vizuri?" Kisha anangoja jibu. Mtoto akirusha teke, anacheka mpaka anajifuta machozi. "Ni yeye huyu! Hata alipokuwa hai hakupenda kujibu kwa mdomo."

Mzee mwenyewe ni Mangeni, marehemu mumewe, babake Isaac mume wangu. Mara tu mimba yangu ilipojulikana alimjia mkewe, Mama Damalie, ndotoni, kasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema amechoka kusimama, apewe mahali pa kukaa. Kwa Wasamia wa Lumino ndoto kama hiyo haihitaji mfasiri. Marehemu anataka jina lake lirudi duniani, na mahali pa kukaa palikuwa ndani yangu. Mimi ni Mteso wa Molo, upande wa Tororo. Isaac nami tulikutana katika soko la mpakani Busia, tukatongozana kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na hata kugombana tuligombana kwa Kiswahili. Katika boma la kina Isaac, huko Lumino, nilikuwa nimepika, nimelima na kuteka maji bila mtu kuniuliza nimeshindaje. Jina la mzee lilipoingia tumboni, mambo yakageuka. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, inawekwa kwenye sahani yangu.

"Usifikiri ni yako," Mama Damalie alinionya. "Ni ya mzee."

Isaac alilalamika kwa mzaha kwamba ameporwa na mtu asiye na meno. Nami niliila firigisi, nikaipenda. Asinidanganye mtu kwamba heshima ya kuazima haina ladha.

Tumbo lilikua mbio. Mkunga wa kituo chetu cha afya alilipima kwa utepe, akalipima tena. Damu yangu ilikuwa sawa, mkojo sawa, presha sawa. "Tumbo limeutangulia umri wake," alisema. "Nenda Tororo ukapigwe skani." Mama Damalie aliposikia hivyo alipiga vigelegele. Mangeni, alisema, alikuwa mtu wa mwili.

Daktari wa skani alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi. Alituuliza habari za barabara na za mvua huku akinipaka ile dawa baridi tumboni, akamtania Isaac kwamba ni wanaume wachache wanaokubali kuwasindikiza wake zao. Kisha maneno yakamwisha. Alikipitisha kile kifaa chini ya kitovu, akakirudisha, akakikandamiza ubavuni.

"Kuna nini?" Isaac aliuliza.

"Ngoja nihakikishe, ndugu yangu."

Alihakikisha. Alituambia bila kuzungukazunguka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mtoto ni wa kiume. Moyo unapiga, mikono ipo, miguu ipo. Lakini juu ya macho fuvu halikuumbika, na sehemu kubwa ya ubongo haipo; ndiyo maana maji yamezidi na tumbo limekua mbio. Si kitu nilichokula, si kitu nilichobeba, si laana ya mtu. Siku nyingine, kabla ya kushika mimba, nianze mapema vidonge vya foliki, vinavyosaidia kuzuia kasoro hiyo.

"Hicho kichwa," Isaac alisema, "si kitaota mbele ya safari? Si bado kuna miezi?"

"Hakitaota."

"Dawa je?"

"Hakuna dawa. Wengine hufia tumboni. Akizaliwa hai, ataishi saa chache, pengine siku."

"Lakini anacheza," nikasema. Alikuwa anacheza wakati uleule, chini ya mkono wa daktari.

"Ndiyo, mama. Anacheza."

Nilitaka anibishie. Alipokubali, ndipo nilipolia. Akaningoja ninyamaze, akatueleza kwamba tunaweza kungoja mpaka siku za kuzaa, au turudi sote wawili tukae na madaktari wa hospitali, waone kama sheria inawaruhusu kuukatisha ujauzito. Tusiende kwa watu wa vichochoroni, akasisitiza.

Mama Damalie alitusikiliza jikoni hadi mwisho bila kuacha kuchambua mboga. Alikuwa na swali moja tu. "Huko Tororo mlilitaja jina?"

"Hapana, Mama."

"Afadhali."

Kesho yake asubuhi alitoka na leso begani, akaniangalia usoni. "Annet, umeamka?" Tumbo akaliacha hapo lilipo. Jumapili kuku alichinjwa, na firigisi ikawa kwenye sahani ya Isaac. Isaac hakutania, hakuniangalia. Aliitafuna polepole, akameza.

Haukupita muda Mama Damalie akaniita pembeni. Alikuwa na mtu ng'ambo, Busia ya Kenya, ambaye anatoa mimba vizuri na hana mdomo. Twende mimi na yeye, tupite kama watu wanaokwenda sokoni.

"Daktari alisema tukitaka tuongee na hospitali," nikamjibu.

"Hospitali kuna macho ya watu. Nisikilize, mwanangu. Marehemu akiitwa kwa mtoto, na mtoto akafa palepale, basi marehemu naye amepotea. Haitwi tena. Mangeni nimemzika mara moja. Sitamzika mara mbili."

"Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Huyu aliye tumboni mwangu."

"Huyo hajaitwa," alisema, akainuka.

Lo! Nilibaki nimekaa pale kwenye kigoda kama mtu aliyemwagiwa maji. Mangeni nilikwisha kumtunza kwa miezi, nikamlisha, nikalala ubavu aliotaka yeye, kumbe kuna mlango wa nyuma wa kumtolea. Na mahali pa kumpeleka palikuwapo tayari. Barbara, mke wa Paddy, nduguye Isaac, alikuwa na mimba changa. Siku moja nilipeleka ungo kwake nikamkuta Mama Damalie ameinama mbele ya kiuno cha Barbara, anacheka. "Mzee, umehamia huku?" Barbara aliponiona aliona haya, akajifunika leso. Mama Damalie hakuona haya yoyote.

Lazima nieleze jina ni kitu gani, maana wapo watakaosema nililia kwa ajili ya neno. Pale bomani, mtoto akifa kabla ya kuitwa hazikwi, hufukiwa. Wanawake wawili watatu humpeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na wanaume hawaachi hata kazi zao. Hakuna kilio, hakuna matanga. Mama yake hukatazwa kulia, eti machozi yataufunga uzazi. Akipata nguvu anapewa jembe kama wenzake, na mtu akimuuliza ana watoto wangapi, huyo hamhesabu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa naambiwa kwamba mwana hayupo, kwa hiyo na uchungu haupo.

Nimewasikia watu wakiilaumu mashine. Uongo mtupu! Mashine ilisema kweli, na daktari aliisema kweli hiyo kwa huruma. Bila skani mwanangu angekuwa Mangeni mpaka siku ya kuzaliwa, angeamkiwa kila kukicha. Tulipewa kweli ili tujiandae kumpokea, wao wakajiandaa kumkana. Hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko hata habari yenyewe.

Ng'ambo sikwenda, na hospitali kuukatisha ujauzito pia sikurudi. Sikukataa kwa ushujaa, wala kwa dini. Wapo wanawake ambao wangeamua vingine, nao ningewapikia uji na kuwakanda mgongo. Mimi nilikataa kwa sababu nilitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, amwite mwanangu kabla hajafa.

Nilimfuata Isaac shambani, akipalilia mihogo. "Mpe jina wewe," nilimwambia. "Wewe ndiye baba."

"Jina ni la Mama."

"Na mtoto ni wa nani?"

Alipiga jembe chini. "Annet, nitasema nini mbele ya watu?"

"Sema ni mwanao."

Aliendelea kupalilia. Nilisimama pale mpaka alipofika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mstari mwingine kwa upande wa pili.

Uchungu uliponishika nilimpigia simu mama yangu, Elinah, kule Molo. Alifika kituoni mtoto ameshatoka, mkoba begani, vumbi hadi magotini. Mkunga alikuwa amemvisha mtoto kofia ya sufi iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa mdogo, mwekundu, vidole virefu. Hakulia. Alipumua kwa taabu, anaacha kidogo, anaanza tena. Mlangoni alisimama Mama Damalie na shuka kuukuu mkononi, imekunjwa vizuri. Sikuwa na haja ya kuuliza ni ya nini.

"Nipeni mjukuu wangu," mama yangu alisema.

Alimpakata, akatoa mkobani kichupa cha ajono, pombe yetu ya wimbi. Kwetu Teso bibi huchovya kidole katika pombe hiyo, akakitia kinywani mwa mtoto huku akiwataja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atanyonya likitajwa, hilo ndilo lake. Halihitaji ndoto ya mtu.

"Okiror," mama alisema. Midomo ya mtoto haikutikisika.

Akachovya tena. "Eibu."

Hakunyonya. Pumzi zilikuwa zimeanza kuachana. Niliogopa ataondoka hivihivi, nikafungua kinywa niseme mwenyewe, na jina lililonijia ulimini ni la yule mzee aliyeamkiwa tumboni mwangu asubuhi zote zile. Mama Damalie aliliona kabla halijatoka.

"Usilitaje!" alilia. Shuka ilimdondoka. "Annet, nakuomba. Usimtaje mzee wangu."

Nakuomba! Mwanamke huyu hakuwahi kuniomba hata chumvi. Alikuwa ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, uso wa mjane wa jana. Nilimwelewa saa ileile. Namwelewa mpaka leo, na mpaka leo nina hasira naye.

Mama yangu hakugeuza hata shingo. "Hatuombi jina kwa mtu," alisema. Akachovya kidole mara nyingine. "Obore."

Obore ni marehemu baba yangu. Mtu mpole, mpenda pombe kidogo, aliyenibeba mabegani hadi siku niliyoona haya mimi mwenyewe. Mtoto alinyonya. Najua daktari atasema ni midomo tu, kwamba hata asiye na ubongo kamili hunyonya kitu kikimgusa ulimi. Na aseme. Nilimwona akikivuta kidole cha bibi yake, mashavu yakiingia ndani, na mkunga aliyekuwa akikusanya vyombo vyake akaacha kazi akatazama.

"Obore," nilimwita. "Obore, mimi ni mama yako."

Nilimwita mpaka jua lilipolihama dirisha, naye akaacha kupumua mikononi mwangu. Isaac alikuwa amefika, amesimama karibu na ukuta.

Mama Damalie aliokota shuka yake. "Basi amekwenda kwenu," alisema kwa sauti ya chini. "Jina ni lenu. Mzikeni kwenu."

Nilimtazama Isaac. Mtoto huzikwa kwa baba yake, kila mtu analijua hilo, hata mtoto mdogo analijua. Isaac alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akakohoa.

"Nitawatafutia gari," alisema.

Na kweli alilitafuta, akalipata, akatufungulia mlango. Hakuingia.

Molo watu waliacha mashamba yao. Walikaa nasi uani, wakamlilia kwa jina lake kama mtu aliyeishi akazeeka, na wazee waliomjua baba yangu walimtania maiti kwamba safari hii amekuja na haraka. Tulimzika kando ya kaburi la babu yake. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nilibaki huko. Habari za Lumino zilinifikia hata nilipoziba masikio. Barbara alijifungua mwana, Mama Damalie akacheza mpaka akaanguka, na Mangeni akaitwa mbele ya watu. Isaac alipiga simu, sikupokea. Alituma salamu kwa mjomba, sikujibu. Mwishowe mvua zilipokatika akaja mwenyewe, na sukari, na sabuni, na kitenge kipya. Mama yangu alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Annet," alisema, "turudi nyumbani."

"Kwanza kamsalimie mwanao."

Nilimpeleka kaburini. Alisimama, akatazama nyuma kama mtu anayehofia kusikiwa, ilhali kwao na kwetu kuna mwendo wa gari. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Mangeni," alinong'ona.

Akainua uso kunitazama, macho yamejaa. "Nimempa, Annet. Mimi babake nimempa."

"Mangeni yuko kwenu, ananyonya kwa Barbara," nilimwambia. "Huyu ni Obore."

"Obore si jina la ukoo wetu."

"Siku ile ukoo wenu ulikuwa unatafuta gari."

Aliinamisha kichwa. Uani, mama yangu aliyekuwa akianika mihogo alisimama, kipande cha muhogo mkononi, akatusikiliza.

"Mwite," nikasema.

Alifungua kinywa. Sauti ilitoka nusu, ikamkatika. Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaanza tena. Mimi sikumsaidia.