Kilindo cha Mwanamina

Serikali ya Wajerumani ilikuwa na huruma ya ajabu. Watu wa kijiji cha Mkongo iliwatandika viboko kwenye mashamba ya pamba, lakini ndege wa kisiwa kidogo cha ziwani iliwaonea imani. Ikasimika ubao: kisiwa hiki ni hifadhi, ni mali ya wote, kwa hiyo asikanyage mtu. Mali ya wote, asikanyage yeyote!

Mwanamina hakujua kusoma, ila maana aliipata. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka, askari wanakuja wakichoma maghala kijiji kwa kijiji, na yeye mbegu yake ya mpunga ilikuwa kilindo kimoja tu, kasha la gome la mti. Kikiungua, wanawe watakula nini mwakani?

"Kifukie," alisema shemeji yake, Mwinyimvua.

"Wanachokoa ardhi kwa singe, shemeji, utadhani wanatafuta muhogo. Nakipeleka pale walipokataza wenyewe."

"Na mlinzi?"

"Nassibu? Mmatumbi yule, mtani wangu!"

Alipofunga mtumbwi kisiwani, Nassibu alimjia mbio na rungu. "Wewe Mndengereko mla kambale, ubao huuoni?"

"Kwani wewe unausoma, ngedere wa milimani?" Akamnyang'anya kofia nyekundu ya serikali, akaivaa, akakalia kilindo chake.

Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika, watani hawaji kukuzika. Nassibu akashusha rungu.

"Dada, nitafukuzwa kazi!"

"Ikomboe basi. Nifichie kilindo."

Akakificha matetini, akapewa kofia yake. Habari ikavuja, kufikia siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kimeshavusha mbegu.

Siku ya nne askari wakafika ukingoni. Ombasha, mkuu wao, akapiga kelele aletewe mtumbwi akague kisiwa. Mwanamina, aliyekuwa akiteka maji pale pale, akajifanya anasuuza mtungi.

Ng'ambo kisiwani, umbali wa kusikilizana, Nassibu akasimama chini ya ubao, kifua mbele. "Afande, una cheti cha bwana mkubwa?"

"Cheti cha nini, mshenzi wewe?"

"Cha kuwasumbua ndege. Korongo wanaatamia, na bwana mkubwa mayai anayajua moja moja. Mimi mwenyewe hapa natembea kwa ncha za vidole!"

Ombasha akautazama ubao. Aliyezoea kuchapa watu kwa amri, amri ilimtia baridi. Akatema mate majini, akaenda na wenzake kuchoma maghala matupu.

Mvua za vuli zilipoanza, Mwanamina alikuwa shambani akichimba vishimo. Nassibu alimfuata nyuma akidondosha mbegu, maana ndege, alisema, asubuhi hujilinda wenyewe.

"Punje nne kila shimo, Mmatumbi wewe! Nani kakwambia utie konzi nzima?"