Kofia ya Nyuzi Mbili

"Huyo si mdogo wangu, Moza! Unikome kama ulivyokoma ziwa la mama yako!"

"Kwani nimemtaja mdogo wako, Mwanamkuu? Nimesema pale nyuma kuna mtu. Basi."

"Umesema mtu, jicho ukanitolea mimi!"

Tumesimama katikati ya sebule yangu, mimi na jirani yangu wa mlango wa pili, vidole puani, na kwenye TV mpya binti yangu Sabaha kaganda na shela lake la harusi, soda mdomoni. Fundi Gaudens kachuchumaa nyuma ya meza anajifanya hasikii. Badria yuko jikoni kwangu anageuza pilau. Naomba sufuria ipige kelele zaidi, asisikie.

Nyumba yangu hapa Mchafukoge haijawahi kukauka watu. Mpira kwangu, tamthilia kwangu, umbea ndiyo usiseme. Basi ile TV ya zamani ilipoanza kuonyesha kila mtu kama kapakwa masizi, nikaingia Kariakoo, nikarudi na kubwa ya ukutani pamoja na kisanduku kipya cha kuchezea video. Na kwangu chombo kipya huzinduliwa kwa harusi ya Sabaha, tuliyoifanya juu ya paa la ghorofa hili hili. Majirani wote wamo. Nani hapendi kujiona?

Mrisho naye yumo. Mume wa Badria. Usiku ule ule alidondoka kutoka upande wa paa ambao ukuta haujajengwa. Tulisema giza. Tulisema alijitenga peke yake kuvuta sigara, akakosea hatua. Ridhiwani, mdogo wake Mwanamkuu, rafiki wa kufa na kuzikana wa Mrisho, hakuwepo. Mwenyewe alituambia alikesha bandarini akitoa mizigo ya watu. Alikuja asubuhi macho mekundu, akabeba jeneza mbele kabisa. Tangu hapo mchele wa Badria ni yeye, kodi ya Badria ni yeye. Eda imekwisha. Ijumaa hii anamuoa, na Badria hata neno shemeji kaliacha, siku hizi ni Ridhi huku, Ridhi kule.

Sasa nyuma ya Sabaha na waimbaji wa harusi, pale ambapo siku zote palikuwa peusi tu, palikuwa na kitu kama watu wawili.

"Mama Sabaha," alisema Gaudens, "hapo mnagombania ukungu. TV mpya, kisanduku kipya, halafu umeunga waya wa zamani?"

"Si mzima? Kutupa kitu kizima ni israfu."

"Mzima, ila haubebi rangi zote. Zile zinazokaribiana unazichanganya, giza lote linakuwa doa moja. Nimekuja na wa toleo jipya."

Akauchomeka. Kisha akashika rimoti, akaingia kwenye menyu, akasema tundu lenyewe linatoka kiwandani limebanwa, lazima uliruhusu kupokea rangi kamili. TV ikazima. Ikakaa nyeusi, nasi tukajiona ndani yake, mimi na Mwanamkuu bega kwa bega kama watu wa picha ya msiba.

Ikawaka.

Nyuma ya waimbaji giza likafunguka. Mlango wa ngazi. Saruji mbichi ya kijivu. Mrisho anacheka, na mtu kamwekea mkono shingoni, kirafiki kabisa, wanaelekea kule kusiko na ukuta. Yule mtu katupa kisogo. Kinachoonekana ni kofia.

"Kofia zimejaa Kariakoo," alisema Mwanamkuu.

Ilikuwa kofia ya mkono. Nilikuwepo Mwanamkuu akiishona koridoni, kitundu kwa kitundu, zawadi ya mdogo wake. Uzi wa hudhurungi ulimwishia kabla hajamaliza. Akazunguka maduka hakupata unaofanana, akamalizia na zambarau iliyoiva. Nikamcheka, "Shoga, unamvisha mdogo wako kiraka?" Akanijibu, "Nani atachungulia? Kwa macho ni rangi moja." Baada ya msiba Ridhiwani alimwambia dada yake upepo umeichukua gatini, imeanguka majini.

Pale kwenye TV hazikuwa rangi moja. Hudhurungi ilizunguka kichwa vizuri, ikafika kisogoni, ikakatika. Zambarau ikaendelea.

"Mnaona mambo hayo?" alisema Gaudens, kafurahi, hajui kitu. "Hizo ndizo rangi."

Nikasubiri Mwanamkuu anitukane. Wallahi nilitamani anitukane. Alikaa chini kwenye mkeka, akashika pindo la khanga, akawa analikunja na kulikunjua.

"Ndiyo ile, wifi?"

Badria. Kasimama mlango wa jikoni, mwiko unamdondokea mafuta miguuni na hahisi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mwanamkuu akajifunika uso kwa lile pindo la khanga. Badria akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa.

"Zima, Gaudens," nikasema.

"Iache," akasema Badria. "Iache hapo hapo ilipo."

Akarudi jikoni. Akatoka na sinia la pilau, akaliweka katikati ya mkeka, akaleta kachumbari, akaleta bakuli la kunawia.

Tukasikia viatu ngaziani, vinapanda bila haraka.

"Hodi wenyewe! Pilau inanukia mpaka mtaani!"

Sauti ya Ridhiwani, nyuma ya pazia la mlango. Na kwetu sinia likishawekwa chini, anayebisha hodi hukaribishwa, hata awe nani. Mimi niliyekaribisha mtaa mzima nikajitia kunawa mikono. Mwanamkuu kainamia mkeka.

Badria akajifunga mtandio. Akasogeza mto mmoja mpaka mahali panapotazamana na TV, akaupigapiga ukae sawa. Kisha akaenda kufunua pazia.

"Karibu, shemeji," akasema. "Ingia ule."