Shusha na Teremsha

Alfajiri, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga jikoni. Maji ya chai yalikuwa yanachemka. Dereva wa kreni alikuwa macho tangu mvua ilipoanza usiku, na hofu ilikuwa imemkaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Leo ardhi itakuwa laini," alimwambia mkewe.

"Basi usikubali kuharakishwa." Mke akamsogezea kikombe. "Na huyo kaka yangu umwangalie. Ana mdomo kuliko kazi."

Kaka huyo ndiye angemwelekeza siku hiyo, kwa mara ya kwanza. Mwelekezaji wa siku zote alikuwa mgonjwa, na shemeji alikuwa ametoka bandarini, alikofanya kazi hiyo hiyo miaka mingi.

"Shemeji, mbona uso kama umelamba ndimu?" alimpokea kazini. "Dada yangu amekunyima sukari?"

"Cheka tu. Kreni ikianguka haiulizi nani shemeji wa nani."

Walitakiwa kupandisha tangi la chuma kwenye mnara wa maji, kando ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na nyumba ndogo. Waliambiwa haina mtu, wenyewe wameombwa watoke mpaka jioni.

Dereva alitandika mbao nene chini ya miguu minne ya kreni, akazikanyaga moja moja. Kisha akapanda kwenye kibanda chake, akasoma tena kibao cha mizigo. Mkono wa kreni ukisimama wima, tangi lile lilibebeka. Ukilala ukaenda mbali, tangi lile lile lingeweza kuipindua. Ni kama ndoo ya maji: ukiikumbatia unaimudu, ukiinyooshea mkono inakuvuta.

Tangi likapanda. Lilipokaribia ukuta, redio ikapiga kelele.

"Shusha! Shemeji, shusha!"

Akashusha. Na hapo ndipo shetani alipopita. Kwa dereva na mwenzake wa siku zote, kushusha ni kulaza mkono wa kreni. Mzigo wao *huteremshwa*. Bandarini, kushusha ni kuuweka mzigo chini upesi.

Mkono ukalala, tangi likavuka ukuta. King'ora kikalia kibandani. Dereva akahisi kiti kikiinuka chini yake, taratibu, kama mtu anayeamshwa. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeachana na ubao wake.

Ndipo akamwona. Uani kwa ile nyumba, chini ya tangi kabisa, bibi kizee mwenye beseni la nguo alikuwa anatazama juu. Akapunga mkono, akidhani anasalimiwa.

Mwili wote ulimwambia dereva aruke. Kuteremsha tangi hawezi, bibi yuko chini. Akiruka, bibi amekwisha.

"Mungu wangu, usiniache," alinong'ona, akauinua mkono wa kreni. Polepole. Kidogo, akangoja tangi litulie. Kidogo tena. King'ora kiliendelea kulia, jasho likimwingia machoni, mpaka tangi likarudi upande wao wa ukuta na mguu ukakaa juu ya ubao. Kikanyamaza. Ndipo akaliteremsha tangi chini.

Hakuweza kushuka peke yake. Shemeji alimshika kiunoni kama anayemshusha mtoto kitandani. Naye alikuwa analia.

"Nilimwona bibi anafungua mlango. Nikasema shusha..."

"Nami nikashusha. Tungeulizana asubuhi, shemeji. Tulikuwa tunataniana."

Wakaenda pamoja kubisha hodi. Hakuna aliyeitika, wakazunguka uani. Bibi alikuwa anaanika nguo. Hasikii vizuri, na waliokuja kumwambia atoke walibisha wakaondoka.

Dereva alimsogelea sikioni. "Bibi, utusamehe! Tumekuponza! Lile tangi lilikaribia kukuangukia!"

Bibi akautazama ukuta, akaitazama mikono ya dereva iliyokuwa ikitetemeka. Akaishika yote miwili mpaka ikatulia.

"Umeogopa sana, mwanangu. Kaa."

Shemeji aliokota shuka lililobaki kwenye beseni, akalikamua na kulianika. Halafu wakamsaidia bibi kutoka, wakamkalisha kwa jirani, mbali na ukuta, mpaka kazi iishe.

Walipoaga, bibi hakuuachia mkono wa dereva.

"Kwangu hapana anayepita," alisema. "Mtakuja tena kunitazama? Hata kesho?"