Mashemeji Waliounda Shirikisho

Mhariri aliapa hadharani kwamba hatakaa tena meza moja na shemeji yake, na kwa miaka mingi kiapo hicho alikishika barabara. Shemeji yake huyo, Wakili, alikuwa mume wa dada yake mdogo na kiongozi wa chama cha Jimbo la Bandari. Mhariri naye, mbali na gazeti lake, aliongoza chama cha Jimbo la Juu, lenye watu tele. Wakoloni walipoondoka waliyaacha majimbo hayo mawili chini ya bunge moja, viti nusu kwa nusu, wala hakuna aliyeweza kutawala. Mhariri akiunda serikali, Wakili anaiangusha. Wakili akipanda, Mhariri anamwondolea ngazi. Madaraja yalibaki nguzo tupu mitoni, maana kila aliyeanza kujenga aling'olewa kabla hajamaliza.

Siku serikali ya Wakili ilipoanguka tena, Mhariri alikuwa kwenye chumba cha mitambo akisoma ukurasa wa kwanza, bado wino mbichi, na tabasamu limemjaa. Dada yake akaingia bila kubisha hodi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa na mtu. Nimekuja kukuuliza unachekelea nini. Juzi wewe, leo yeye. Wanangu wanadhani kazi ya serikali ni kuanguka."

Mpiga chapa aliyekuwa karibu alijifanya anatafuta kitambaa. Mhariri akamvuta dada yake pembeni. "Mumeo hataki wabunge wagawanywe kwa idadi ya watu. Sisi tuko wengi, tunatawaliwa kama wachache. Nifanye nini?"

"Umeshawahi kumuuliza kwa nini hataki? Au unamsoma kwenye gazeti lako mwenyewe?"

Mhariri akarudi kwenye ukurasa wake, lakini tabasamu halikurudi. Kesho yake mchana alipiga moyo konde akaenda kwa Wakili.

Wakili alimfungulia mlango mwenyewe, miguuni ana ndara. Alimtazama Mhariri juu hadi chini. "Karibu, shemeji," Wakili akasema hatimaye. "Kama umekuja kunitukana, nitukane ukiwa umekaa."

Walikaa. Mwanzoni walirushiana maneno ya zamani, mpaka yakawaishia. Ndipo Wakili akafunguka: watu wake wana lugha yao, shule zao na mahakama zao. Wakimezwa na wingi wa Jimbo la Juu, vyote vitakwenda na maji.

"Basi vibaki kwenu," Mhariri akasema, naye akashangaa kujisikia akitamka hivyo. "Shule, hospitali, mahakama, kila jimbo lijiendeshee vyake. Jeshi, reli, sarafu na forodha viwe vya wote, na bunge la wote lipatikane kwa idadi ya watu."

Wakili akasogeza kiti karibu. "Shirikisho," akasema. "Na tumwalike jirani yetu, Jimbo la Bonde. Wawili peke yetu tutauana."

Wakaunda serikali moja, mahasimu ndani ya baraza moja, kwa kazi hiyo tu. Mkutano ulifanyika katika chuo cha ualimu wakati wa likizo. Waheshimiwa wenye vitambi walijibana kwenye madawati. Jimbo la Bonde, dogo kuliko yote, liliongozwa na Daktari, mama wa makamo asiyepandisha sauti. Yeye alitaka bunge la pili, kila jimbo viti sawa, na hakuna sheria itakayopita bila bunge hilo kukubali.

Mhariri alisimama kwa kishindo. "Ndiyo nusu kwa nusu ileile, imerudi kwa mlango wa nyuma!" Watu wake wakapiga madawati kumuunga mkono. Daktari akakusanya karatasi zake taratibu na kutoka, na ujumbe wake ukamfuata.

Wakili alimgeukia shemeji yake. Hakumlaumu. Uso tu ulimshuka, kama mtu aliyeona nyumba yake ikianza kuungua. Mhariri akatoka mbio hadi kwenye ukumbi wa nje.

"Daktari, subiri. Unaogopa nini hasa?"

Daktari aligeuka. "Watu wangu wakiniuliza nani atatusemea huko, niwajibu nini?"

Mhariri akamsogelea. Swali hilo lilikuwa lake. Alilipigia kelele kwenye kila jukwaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyewahi kumjibu. Akajua linavyouma.

"Chukua viti vyako sawa," akasema. "Ila bajeti ianzie kwenye bunge la wengi, na bunge la pili lisiweze kuikwamisha. La sivyo watu wangu watanichinja."

Daktari alimkazia macho. "Ianzie huko, sawa. Lisiikwamishe, sawa. Lakini mipaka ya jimbo langu isiguswe bila sisi wenyewe kukubali."

"Isiguswe."

Walirudi pamoja. Mhariri alipotangaza makubaliano, wenzake wa chama walimzomea, na rafiki aliyeanza naye siasa akamwita msaliti usoni. Hakurudi nyuma. Katiba ikapita.

Uchaguzi wa kwanza wa shirikisho ulimpa Wakili uwaziri mkuu. Mhariri aliangushwa na wapigakura wa kwao, na aliyechukua kiti chake bungeni alikuwa rafiki yule aliyemwita msaliti. Kwa wiki nzima hakutaka kuona mtu. Wakili alikuja mwenyewe, akakaa upande wa pili wa kochi, na kabla ya kuondoka akasema tu, "Kiti hiki cha uwaziri mkuu ningekupa wewe, shemeji, kama kingekuwa cha kugawa." Mhariri alimwamini, na hilo lilimpunguzia uchungu, ingawa haukuisha.

Bunge la pili lilipofunguliwa, dada yake alimburuta hadi kwenye roshani ya wageni. Chini, Wakili aliwasilisha muswada wake wa kwanza wa reli, kifua mbele. Daktari akainuka, akauliza kwa upole kwa nini reli hiyo inapita mbali na Bonde, na kabla ya adhuhuri muswada ukarudishwa ukatengenezwe upya. Wakili alikuna kichwa.

Mhariri alipasuka kicheko kikubwa hadi askari wa bunge akaja kumwonya.

"Nyamaza, kaka," dada yake akamfinya. "Huyo ni mume wangu."

"Najua," akasema, akifuta machozi. "Hebu niache nicheke."