Hapo Ndipo Patamu

...na kwa nini kila anayetaka kukuumiza lazima kwanza akwambie uvute pumzi, aliwaza, mgongo wake ukinata kwenye kile kitanda chembamba cha mazoezi, macho kwenye dari, kwenye lile doa la maji ambalo kwa miezi yote hii amelitazama mpaka wamezoeana, mguu wa kushoto umo mikononi mwa mtu wa mazoezi, mkono mmoja chini ya paja, mwingine juu ya kifundo, "vuta pumzi mama, halafu tunakunja," naye akavuta, wakakunja, na goti lile lenye skrubu ndani likafika pale linapofika kila siku na kugoma, "sasa hapa ndipo kazi inaanza, tukae kidogo, tusilirudishe," haya, tukae, tuna safari gani nyingine, na pale kwenye kona dereva wa lori, mgonjwa wa mgongo, anaikanyaga ile baiskeli isiyokwenda kokote, jasho linamtiririka utadhani kuna mzigo unamsubiri, redio juu ya kabati la mataulo inapiga porojo zake za sabuni na hali ya hewa, na yeye kichwani ana Jumamosi tu, Jumamosi, Jumamosi, "Jumamosi bado iko palepale?" mtu wa mazoezi akauliza kana kwamba amemsoma, "iko palepale daktari," "mimi si daktari mama," "kwangu ni daktari," na wakacheka, kama wanavyocheka kila siku kwa maneno hayohayo, maana hapa chumbani mzaha nao ni zoezi... alimpenda kijana huyu, siku ya kwanza alimuuliza unataka hili goti lije likufanyie nini, wenzake husema wanataka kupanda ngazi, wanataka kumbeba mjukuu, yeye akasema bila haya nataka kusimama mbele, mbele ya wapi mama, mbele ya jukwaa, na kijana hakumkebehi, alisema basi tutalikunja kwa ajili hiyo, wakati dada mtu, aliyemleta huku akimshika kwapa, alisonya mpaka watu wakageuka, "umri huu! Goti lako unamkunjia nani, mtu asiyejua hata jina lako?" na kweli Kaka hajui jina lake, lakini nani katika wao anaitwa kwa jina, yeye tangu zamani ni Mama Mbele, na mwimbaji wa Bendi ni Kaka, mashabiki wote wanamwita Kaka, kana kwamba amezaliwa nao nyumba moja na kula nao sahani moja, kaka gani huyu ambaye ukimpungia mkono anaangalia juu ya kichwa chako, lakini hivyo ndivyo walivyompenda, na mtu anayependa hahesabu... ah, zile Ijumaa! cherehani inafunikwa mchana, wateja wananung'unika, nguo ya bibi harusi haijatiwa hata pindo, naye keshakimbia, anapita kibanda cha pili kumchukua shoga yake muuza vitambaa, wote wawili wamevaa shati la kitambaa kimoja alichokikata mwenyewe kwa ajili ya basi zima, na basi la kukodi linaimba njia nzima mpaka dereva anaomba huruma, wanafika uwanjani mafundi bado wanabeba spika mabegani, wao moja kwa moja kwenye uzio wa chuma, upande wa kushoto, mbele ya mpiga gitaa, hapo ni kwake, mtu asipaguse, viganja juu ya chuma mpaka jua linazama na chuma kinapoa, na shoga kando yake anatafuna karanga na kusema, "tungekuwa tunampenda Mungu hivi, tungekuwa tumeshafika," ... "legeza mama, unakaza," samahani daktari, akalegeza, na mwenyekiti wa mashabiki alipopiga simu wiki iliyopita yeye alilia mpaka simu ikaloa, Bendi inarudi, uwanja uleule, wamesema wenyewe Mama Mbele awekewe kiti mbele kabisa, na Kaka atashuka jukwaani amsalimie watu wote wakiona, yeye akajibu kiti cha nini, nitasimama, na alipomwambia dada mtu, dada aliweka sufuria chini na kuuliza, "walikuwa wapi ulipokuwa umelazwa? Hata salamu?" wakaanza tena ugomvi wao wa kila siku, yeye akiitetea Bendi kama anavyotetewa mtoto mtundu, taa zinawapiga machoni dada, hawaoni chini, na kelele zile nani angesikia, na si walituma shati lenye saini zao wote, limetundikwa ukutani, dada akasema shati halina hata saizi yako... kwa sababu siku ile walisukuma kutoka nyuma, hakuna mwenye kosa, watu walisukuma tu, wimbo wa mlango, ule wa mtu anayemngojea msafiri, ubeti wa tatu, pale ngoma zinaponyamaza na gitaa linabaki peke yake, akahisi mgongoni uzito wa uwanja mzima, chuma kikaenda, yeye akaenda nacho, goti likageukia lisikojua, na juu yake wakaja watu, na anakumbuka mambo mawili tu, sauti yake mwenyewe ikimtoka na kuondoka zake, halafu sauti ya mwanamume, nzito, yenye uhakika, "Tena!" na tena, "Tena!" na baada ya hapo chuma kikanyanyuka, akaiona mbingu. Mtu huyo! hakumwona uso, alijua tu kwamba palikuwa na mwanamume aliyewaongoza wenzake kunyanyua uzio, aliyewaambia tena walipotaka kukata tamaa, na wodini, na nyumbani kwa dada, kila anapoomba amekuwa akimweka katika dua, baada ya marehemu wazazi, na yule aliyesema tena, Mungu amlipe, ampe watoto wema, mpaka dada siku moja akasema huyo mtu wako kwa dua hizi atakuwa tajiri... "Haya wapenzi wasikilizaji," ikasema redio, "sasa ule mnaoupigia simu tangu asubuhi, wimbo wa mlango, ule wa uwanjani kabisa, wenye ile kelele," na dereva wa lori akaachia usukani wa baiskeli, akanyoosha mkono wake mrefu, akaongeza sauti, "huu daktari, huu ndio dawa ya mgongo!" na gitaa likaingia, na ajabu, kwanza ilikuwa furaha, furaha tupu, ilimpanda kifuani mpaka machozi yakamteleza kuelekea masikioni, chuma kikawa baridi viganjani mwake hapo kitandani, ndiye huyu, ndiye Kaka, ndio wao, hajausikia tangu siku ile, rekodi ya uwanjani watu wote wanayo, wamemtangulia, maana shoga yake alimkataza, "achana na hiyo rekodi, imetoka vibaya, inakwaruza, subiri uwasikie wenyewe," shoga ambaye hajawahi kupata wimbo mpya usiku akalala bila kumpigia simu, na siku ile alipokuja kumtazama simu yake ikalia kwa wimbo huuhuu, aliizima haraka, akasema ni mteja, mteja gani unamkatia simu hivyo, na sasa wimbo unamfikia, safi kabisa, haukwaruzi popote, kwa hiyo alidanganya nini, ubeti wa kwanza, unasikia watu wanavyoimba, ubeti wa pili, uwanja uleule, ni siku ileile, ni siku ile, na mguu ulijua kabla yake, "mama unakaza, legeza," siwezi, "pumua," gitaa limebaki peke yake, nyamazeni, siwezi, na hapo kwenye kabati la mataulo, kutoka kwenye redio ndogo yenye waya wa kufungia, akajisikia akipiga yowe.

Ndiyo ile, mtu hawezi kuisahau sauti yake, ina ule ufa katikati uliokuwa pia kwenye sauti ya marehemu mama yao alipokuwa akiwaita jioni, na dereva wa lori akalipiga yowe hilohilo pamoja nayo, kichwa nyuma, akikanyaga, akalipatia vizuri, hata ule ufa akaupatia, akacheka kwa raha, "hapo! Hapo ndipo patamu! Siku hizi wakiupiga popote, wakifika hapo uwanja mzima unaitoa hiyo kelele, hata mwanangu mdogo anaijua, yule mwanamke raha ilimzidi jamani, aliipatia," na juu ya maneno yake, kabla ngoma hazijaingia, karibu na kipaza sauti kiasi cha kusikika akivuta mate, mwanamume mwenye sauti nzito, yenye uhakika, yenye kicheko kidogo ndani yake, akasema, "Tena!" na watu maelfu wakapiga yowe, "Tena!" wakapiga, ngoma zikaingia, wimbo ukaenda zake. Kaka. Alikuwa Kaka. Hakuna aliyenyanyua uzio kwa sauti ile, walionyanyua walinyanyua kimyakimya, na dua zote zile, baada ya marehemu wazazi, zimekwenda kwa... subiri, subiri, usimhukumu mtu, akajitetea, yaani akamtetea, hata sasa ulimi unajua njia yake, labda alidhani ni furaha, atajuaje, taa zinampiga machoni, anasikia mwanamke anapiga kelele, kazi yake si ndiyo hiyo, wanawake wapige kelele, atajuaje... lakini gitaa. Gitaa lilisimama. Kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa na kujifanya hakujikwaa, na dereva hawezi kulisikia, wala mtangazaji, ila wimbo huu yeye ameusikiliza akishona nguo za nusu ya mji, anajua kila kidole cha mpiga gitaa kinapokaa, na hapo gitaa halipumziki, halijawahi kupumzika hata mara moja, na mpiga gitaa anasimama upande wa kushoto, juu ya kichwa cha Mama Mbele, akiinamisha macho anamwona yeye. Alimwona. Akaacha nyuzi. Na kila mwenye kuwajua anajua kwamba mpiga gitaa akikosea Kaka hugeuka kumtazama, amewaona wakifanya hivyo miaka yote, anageuka, anafuata macho yake, na ndipo anaposema neno la kuziba pengo, kwa hiyo aligeuka, kwa hiyo alifuata, akaona chuma kimelala na watu juu yake na mguu wa mtu umekaa usivyokaa, na akaziba pengo. Na si hilo hata, hilo ungeweza kusema ni woga, jukwaani mtu anaweza kushikwa na woga, lakini baadaye walikaa mahali, kwenye chumba chenye viti vizuri, wakausikiliza, wakarudisha nyuma wakausikiliza, wao wote walioweka saini kwenye shati, na mkasi walikuwa nao, kipande kibaya kinakatwa, hata yeye fundi anajua, kipande kibaya unakikata na unaunga na mteja haoni, nao hawakukikata. Kwa sababu hapo ndipo patamu... na Jumamosi, ehe, Jumamosi, kiti mbele kabisa, watu wote wakiona, ubeti wa tatu, ngoma zinanyamaza, Kaka anashuka, anamshika bega, uwanja mzima unalipiga yowe lake mgongoni mwake, na anamwekea kipaza sauti mdomoni, Mama Mbele, tena. Shoga alijua, ndiyo maana aliizima ile simu, aliificha rekodi kama watu wanavyoficha habari ya msiba mpaka mwenye msiba amalize kula, na yeye alimnunia wiki nzima kwa kumwona hampendi tena, masikini shoga, hata kudanganya hajui... "Mama, uko salama?" mtu wa mazoezi aliuliza, mikono bado chini ya paja na juu ya kifundo, goti bado pale linapogomea, hawajalirudisha, wimbo mzima umepita wao wamekaa tu hapo, "machozi hayo ni ya goti?" na yeye akasema ni ya goti, "basi piga kelele, usijibane, humu hakuna anayeshtuka, wanapiga wote," na redioni mtangazaji anacheka, anasema simu zimejaa, ngoja akirudishe kile kipande peke yake, na dereva kwenye baiskeli, mtu mwema, hana kosa lolote duniani, "piga na wewe mama, twende pamoja, utajisikia mwepesi!" na likaja tena, yowe lake, likatoka kabatini, dereva akalipiga, na nje kwenye benchi la kungojea mtu mwingine asiyemjua akalipiga pia huku akicheka, na katikati ya vicheko akamsikia dada yake, anayemngojea huko nje, akisonya, kwa sauti ile ya kugeuza watu, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake msonyo wa dada kumfurahisha. Unamkunjia nani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ina miezi imefunikwa shuka, inataka magoti mawili. "Jumamosi utasimama mbele mama, kwa hapa tulipofika naona kabisa," kijana akasema kwa furaha yake safi, na yeye akaona atamwambia kesho kwamba haendi, au hatamwambia, Jumamosi kuna nguo za watu, na mwenyekiti akipiga simu dada yuko, dada anajua kujibu. "Haya, mara nyingine," akasema kijana, "vuta pumzi. Tena." Na kabla mikono haijamsukuma akalikunja goti mwenyewe, likafika pale pa kugoma, likapita kidogo, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, "piga kelele mama, usijibane," akafunga mdomo, akavuta pumzi kwa pua, na akaitoa polepole sana, kwa pua, asije akawapa hata sauti.