Jagi Lenye Herufi Moja

Mume wangu Gildo alianguka Jumanne saa nne asubuhi, hapa kisiwani Murano, mbele ya tanuri, bomba la kupulizia kioo likiwa bado mkononi. Ijumaa tukamvusha kwa boti kwenda San Michele, kisiwa cha makaburi. Nilisimama nikitazama viatu vya padri. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika kuliko kingine. Nerina, dada yake Gildo, akaninong'oneza, "Lia kidogo basi, wifi, hata kwa sababu ya watu."

Machozi hayakuja.

Jumatatu nikarudi karakanani. Mimi hutengeneza hereni na shanga za kioo kwenye moto mdogo wa gesi, dirishani, nimeligeuzia tanuri mgongo. Nilikuwa nimeshamaliza hereni nyingi za samawati wakati shemeji yangu Tullio, aliyekuwa msaidizi wa Gildo miaka yote, alipofungua tanuri la kupozea, ambamo vyombo hupoa polepole visipasuke. Ndani mlikuwa na majagi sita aliyoyapuliza Gildo siku moja kabla ya kufa. Tulikuwa tumeyasahau. Yalikuwa na rangi ya asali, na shingo zilizopinda kama ya bata bukini anayegeuka kuangalia nyuma. Hakuna hata moja lililopata ufa.

"Hayana jina," alisema Tullio. Gildo alikuwa akiandika jina lake chini ya kila chombo kikishapoa, kwa kalamu ya ncha ya almasi. "Na mwenye duka anakuja kuyachukua kesho. Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia kadi za Krismasi. Mwandiko wake unaujua kuliko yeye mwenyewe."

"Unataka niandike jina la maiti."

"La mumeo! Si kayapuliza yeye? Uongo uko wapi hapo?"

Kwa kweli sikuuona. Nikageuza jagi moja, nikaandika G. Herufi ilitoka vilevile kama yake, nami nikaitazama kama ninavyotazama ratiba ya boti. Hapo nikaogopa kidogo, kitu cha kwanza kukihisi tangu Jumanne ile. Nikaiweka kalamu chini.

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Sijui. Siandiki tu."

Tullio alitukana, akaenda kunywa divai. Kesho yake mwenye duka alichukua majagi matano, akasema atayauza kama kazi ya karakana. La sita, lenye herufi moja, alisema hajui atawaelezaje wateja.

Nikalipeleka nyumbani. Nerina alipoleta sardini wa siki na vitunguu, alilikuta mezani limejaa miiko ya kupikia.

"Wifi! Kazi ya mwisho ya kaka yangu unaitilia miiko?"

"Lina mdomo mpana," nikamwambia.

Alilia sana. Nilimshika bega nikingoja anyamaze, kisha nikampakulia.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Tullio alianza kupuliza mwenyewe. Shingo za kwanza zilitoka fupi, nene, akazivunja zote huku akijitukana. Baadaye akapata. Chini anaandika jina lake. Anaponiita naacha moto wangu, nakwenda kumshikia bomba, na kazi ikiisha tunafunga mlango, kila mtu anakwenda kwake.