Tusi Lililopigwa Pasi

Kwa kujua muziki, Mwembesongo nzima hakuna wa kumfikia Bi Mosi. Alijitangaza hivyo mwenyewe, kisha akaongeza kwamba redio yake ilikufa mwaka juzi, na tangu hapo anasikiliza mashine ya kusaga ya jirani, ambayo siku nyingine humtoa machozi.

Basi alipokwenda nyumbani kwa shoga yake, marehemu Bi Sabra, kusikiliza albamu mpya ya mwanawe, alikwenda na masikio yaliyokwisha kuzoea kelele.

Mwana mwenyewe, Mikidadi, aliimba roki Dar zamani hizo, akapotea miaka kumi na miwili. Sasa kafufuka. Koti la ngozi, joto lote hili la Morogoro! Jasho lilimchuruzika kama aliyeteremsha kabichi mlimani kwa kichwa. Kando yake Devotha, mtangazaji wa redio, kashika maiki.

"Wimbo huu ndio roho ya albamu," Mikidadi akasema. "Niliutunga kaburini kwa mama, udongo bado mbichi."

Spika ikanguruma. Gitaa likalia kama bati linalokwaruzwa, kisha sauti:

*Jembe limechimba, sanda imefungwa,*
*Mwanao yuko wapi? Anakaza nyuzi.*

Bi Mosi akaacha kutafuna karanga. Maneno yale aliyatunga yeye! Ni mtani wa ukoo ule, na kazi ya mtani msibani ni kuwasema wafiwa mpaka wacheke au waone haya. Siku ya maziko alimsema Mikidadi, ambaye mamaye alimwita wiki tatu, akafa akimwita. Shamsia, binamu yake Mikidadi, aliyarekodi kwa simu akayatuma kwenye kundi la ukoo. Na huyu baradhuli kalichukua tusi lake, kalipiga pasi, kalivaa.

Wimbo angemwachia. Lakini redio iwaambie watu kwamba Sabra alizikwa na mwanawe? Thubutu!

"Shikamoo, mama," Mikidadi alisema alipomwona akijisogeza.

"Marahaba, baba. Umenitonesha. Siku ile macho yalijaa machozi, hata sikukuona. Ulisimama wapi?"

"Pale pale kaburini, mama."

"Kumbe! Kulia kwangu au kushoto?"

Mikidadi akaitazama maiki. "Kulia. Si ulinishika mkono nisianguke?"

Wanawake ukumbini wakaangua kicheko. Shamsia akajiziba mdomo kwa khanga, kikamponyoka hivyo hivyo.

"Mbona mnacheka?" Devotha akauliza.

"Dada," Shamsia akamjibu, "sisi wanawake wa Kiislamu hatukwenda makaburini, walikwenda wanaume. Bi Mosi siku ile alikuwa hapo uani, anapakua wali."

"Msimwonee," Bi Mosi akasema, akirudia karanga zake. "Labda alikuwa ndani ya sufuria, sikumwona kwa mvuke."

Devotha akamsogezea Mikidadi maiki. Mikidadi akaanza kuvua koti.